Jicho Moja Ndani ya Kaske

Wanafunzi wake wa Gitega walimpa jina la Inuma, yaani njiwa kwa Kirundi, na kwa kweli hawakumwonea. Mwalimu Rachid alipotaka kuweka kikombe mezani, kupokea chaki au kuvuka mtaro wa maji ya mvua, kichwa chake kilikwenda kwanza kushoto kidogo, kisha kulia kidogo, kama njiwa anayechungulia punje kabla ya kuidonoa. Wanafunzi wapya walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye aliwaacha wacheke washibe, kisha akawapa zoezi gumu, na kicheko kikaisha chenyewe.

Sababu ilikuwa jicho la kushoto. Lilikuwepo, lilipepesa vizuri tu, lakini halikuwa limeona kitu tangu utotoni. Rachid alizaliwa Muyinga, katika mtaa wa Waislamu, katika nyumba ambamo kelele za nyundo hazikukoma ila Ijumaa adhuhuri. Baba yake, Mzee Mahmudu, alikuwa fundi wa masanduku ya bati, yale ambayo watoto wa shule za bweni huwekea nguo, sabuni na siri zao. Fundi huyo alilaza bati chini, akalichora kwa chaki, akakata pembe, akakunja huku na huku, na mara bati lililokuwa limelala likasimama sanduku. Rachid alikuwa hajaanza shule, lakini alikwisha kujua kusoma michoro ile. Ukimwonyesha bati lililochorwa tu, alikuonyesha kwa kidole pembe ipi itakutana na ipi. Majirani walimsifu, na baba yake alijifanya hasikii, ingawa masikio yalimsimama kwa furaha.

Halafu ikaja asubuhi ile ya tindo. Rachid alishika bati, baba yake akapiga tindo kwa nyundo, na chembe ya chuma ikaruka ikamwingia jicho la kushoto. Mtu anaweza kupiga nyundo maisha yake yote pasitokee neno, kisha pigo moja likabadilisha nyumba nzima.

Mzee Mahmudu hakulia mbele za watu, wala hakumlaumu mtoto kwa kusogea karibu. Alichofanya ni kumpiga marufuku kukanyaga karakana. "Hii kazi inataka macho mawili," alisema, na neno lake likawa ndiyo sheria ya nyumba. Tangu hapo akawa anatembea upande wa kushoto wa mwanawe, amemshika kiwiko. Alimmiminia chai. Alimpokonya kisu akitaka kumenya chungwa. Miaka ikaenda, Rachid akasoma, akaoa, akapata watoto, ndevu zikaanza mvi, na bado kila alipofika Muyinga mkono ule ulimngoja mlangoni. Alimpenda baba yake kupita kiasi. Na mkono ule ulimuuma, ulimuuma kweli, kwa sababu kila ulipomshika ulimwambia kwamba yeye ni kitu kilichovunjika.

Alipopata kazi ya kufundisha uchoraji wa kiufundi katika shule moja ya ufundi mjini Gitega, alidhani mambo yatabadilika. Alirudi nyumbani na habari hiyo amevaa shati jipya. Mzee alifurahi, akamshukuru Mungu, kisha akasema kwa upole, "Ni vizuri, mwanangu. Karatasi iko bapa. Karatasi inakutosha." Wala hakukusudia kumtusi. Lakini Rachid alikaa na maneno hayo kifuani miaka na miaka, akifundisha maumbo, akijiuliza kama kweli anayaona au anayadanganya tu.

Basi ndivyo alivyokuwa siku zilipoletwa kaske.

Jina lake kamili ni miwani ya uhalisia pepe, lakini pale shuleni nani alikuwa na pumzi ya kulitamka lote? Zilikuwa kofia nzito zinazofunika macho, na ndani yake mtu aliona vitu vinavyoelea mbele yake: matofali, ngazi, paa, nyumba nzima iliyopasuliwa katikati. Mradi mmoja ulizileta kwa ajili ya darasa la ujenzi. Wanafunzi wa darasa hilo waliweza kuchora walichokiona mbele yao, ila ukiwauliza kitu hicho kinafananaje kutoka nyuma au kutoka juu, walikodoa macho. Na fundi asiyeweza kuzungusha nyumba kichwani mwake atajenga ngazi inayoishia ukutani. Rachid alikwisha kuziona ngazi za namna hiyo, na wala si mbali na mjini.

Kijana aliyekuja kuwafunza walimu aliitwa Josephat, mtu wa Bujumbura, mcheshi, mwenye viatu visivyojua tope. Aliwapanga kwenye mabenchi. "Bon, walimu, mukae. Mikono juu ya meza. Musisimame, mutaanguka, na hii kitu iko na bei."

Mwalimu wa hisabati, Emiliana, ndiye aliyetangulia. Mara aliinamisha kichwa na kupiga yowe, "Yezu wee! Inakuja kwangu!" Wenzake wakacheka, wakavaa mmoja mmoja, na kila aliyevaa alinyoosha mkono kushika hewa. Zamu ya Rachid ikafika. Alivaa, akakaa tuli, akiogopa hata kutikisa kichwa maana Josephat alikuwa amemshikilia mabega asianguke. Aliona picha. Picha nzuri, yenye rangi, ya tofali lililokatwa pembe. Lakini ilikuwa picha tu, imelala kama kalenda ukutani. Hakuna kilichomjia usoni wala kilichomfanya anyooshe mkono.

"Umeona, Mwalimu?" Josephat aliuliza.

"Nimeona kabisa," Rachid akajibu.

Usimhukumu haraka. Kwetu mgeni akileta zawadi humwambii kwamba zawadi yake haifanyi kazi. Tena alikuwa na hofu. Hofu hiyo ikakolea pale Josephat alipoeleza siri yenyewe, bila kujua anamweleza nani. "Yote iko mambo ya macho mawili," alisema. "Kila jicho inapewa picha yake, kisha kichwa inaziunganisha. Ni ile tu."

Macho mawili! Maneno yaleyale ya karakana ya Muyinga, sasa yamerudi kwa mdomo wa mtu aliyesoma. Rachid alitembea kwenda nyumbani jioni hiyo akijiona mdogo kuliko wanafunzi wake. Aliona wazi, au alidhani anaona wazi, kwamba baba yake alisema kweli tangu mwanzo, na kwamba umbo ni mali ya wenye macho mawili.

Hata hivyo kaske zilikuwa mikononi mwake, kwa kuwa yeye ndiye mwalimu wa uchoraji. Akawafundisha wanafunzi kama alivyofundishwa. Walikaa kwenye mabenchi, mikono mezani, wakavaa kwa zamu, wakashangaa, wakavua. Walipenda mno. Kulikuwa na siku watoro wote walihudhuria, jambo ambalo mkuu wa shule alilitaja kama muujiza. Ila kwenye karatasi hakuna kilichobadilika. Walioshindwa kuchora mgongo wa tofali kabla ya kaske walishindwa baada ya kaske, ila sasa walishindwa kwa furaha zaidi.

Aliyemtia wasiwasi kuliko wote ni Kasilda. Alikuwa msichana mkubwa kidogo kuliko wenzake, amelelewa kambini Tanzania, na wazazi wake walikuwa wamerudi kulima kwenye kilima chao Nyarusange. Alikuwa amejenga kwa mikono yake mwenyewe jiko la mama yake, akataka sasa kujifunza kujenga vitu vikubwa. Kwa bidii hakuwa na mpinzani. Lakini umwambie achore nyumba kutoka nyuma, angeichora mbele mara ya pili, na mlango wake, kwa mstari safi ulionyooka. Mwaka ungekwisha hivyo, angehamishiwa darasa jingine, na Rachid alilijua hilo kila alipomwona akichonga penseli.

Siku moja alimkalisha akamvalisha kaske, akasimama karibu yake.

"Unaona nini?"

"Tofali, Mwalimu. Limekatwa juu."

"Nyuma yake kuna nini?"

"Sijui, Mwalimu," Kasilda akasema kwa adabu zote. "Hujaligeuza."

Rachid aliwatazama wengine. Hakuna aliyeona ajabu katika jibu hilo. Na kwa nini waone? Watoto hawa walifunzwa tangu chekechea kwamba darasani mtu hukaa, hunyooshi shingo kama twiga, husimami mpaka uitwe, na kitu cha shule hukigusi mpaka mwalimu akigeuze. Waliingia na adabu hiyo hata ndani ya kaske. Majuma yote yale walikuwa wamekaa mbele ya tofali, wametulia kama wako kanisani, wakimngoja yeye awageuzie.

"Hebu nipe," alisema. Akavaa mwenyewe, akiwa na haraka ya kumwonyesha, na kwa haraka hiyo akasahau kukaa sawasawa. Kichwa kikaenda zake kushoto, kisha kulia, kama siku zote. Tofali likafanya kitu. Ukingo wa mbele ulisogea zaidi kuliko wa nyuma. Rachid akainama zaidi, na ubavu ukajitokeza. Akasimama. Akapiga hatua, akapiga nyingine, na lile tofali likafunguka mbele yake, likawa na unene, na upande wa pili, na uwazi katikati ambao mkono ungepita. Alilizunguka lote mpaka akagonga benchi kwa goti, na wanafunzi wakaangua kicheko. Yeye naye alicheka.

Aligundua nini? Kwamba hivi ndivyo alivyoona kila kitu tangu asubuhi ile ya tindo. Kikombe, mtaro, uso wa mkewe, alivizunguka vyote kwa kichwa chake cha njiwa. Maisha yake yote aliona aibu kwa tabia hiyo, akidhani ni mkongojo wa mtu asiyeona. Kumbe ndiyo kuona kwenyewe.

"Simameni," aliwaambia. "Wote. Toeni mabenchi nje."

Siku ile walifanya kazi mpya. Mmoja alivaa kaske akatembea, mwenzake akamshika shati nyuma asigonge ukuta. Kasilda alianza kwa hatua za kuibia, kama anayepita mbele ya wakubwa. Akainama. Akazunguka. Kisha akapiga kelele ambayo ilimtoa mkuu wa shule ofisini mwake.

"Mwalimu! Kumbe lina mgongo! Lina mgongo, na mgongoni limetobolewa!"

"Sasa vua. Fumba macho. Lizunguke tena."

"Bila kaske?"

"Bila kaske. Tembea polepole kichwani mwako. Ukifika nyuma, simama, uniambie."

Alisimama katikati ya chumba, macho yamefumbwa, mwili unayumba kidogo. Darasa lilisubiri. Halafu akaenda mezani akachora. Tobo lilikuwa upande usio wake, lakini lilikuwepo, na ulikuwa mgongo, haukuwa uso mara ya pili. Rachid alimsahihisha tobo, wala hakumwambia kwamba machozi yalikuwa karibu kumtoka.

Sitakuambia kwamba wote waligeuka mafundi, kwa sababu si kweli. Wapo waliobaki vilevile, na mmoja alitapika kila alipovaa, akasamehewa. Lakini kadiri majuma yalivyokwenda michoro ilipata migongo, kisha matumbo, kisha ngazi zinazofika mahali. Siku ya mtihani Rachid alipita katikati ya meza, hakuna kaske hata moja ndani ya chumba, akaona vichwa vya wanafunzi vikienda kushoto kidogo na kulia kidogo juu ya karatasi. Chumba kizima cha njiwa! Akageukia dirisha ajifanye anatazama mvua. Kasilda alibaki katika darasa la ujenzi.

Josephat aliporudi akakuta mabenchi yamerundikwa uani, aliuliza kulikoni. Rachid angeweza kumpa sababu nyingine, sababu zilikuwepo tele. Lakini alikuwa amechoka kujificha.

"Mi naona na jicho moja," alisema. "Ile siku ya kwanza sikuona kitu. Nilikudanganya. Nilipokaa iko picha, niliposimama ikakuwa tofali."

Josephat alimtazama, akamwangalia jicho moja kisha la pili, akitafuta lipi. "Ah, bon?" alisema mwishowe. Kisha akavua koti lake safi, akaomba aonyeshwe, na wakazunguka chumba wote wawili kama watu waliopotewa na sindano.

Ilibaki Muyinga.

Idd ilipokaribia, Rachid alimwomba mkuu wa shule kaske moja, akaizungushia kanzu yake isiumie, akapanda gari la kupitia Karuzi. Njia nzima aliipakata. Mkewe na watoto walikuwa wametangulia. Mlangoni kwa wazazi wake, Mzee Mahmudu alikuwa amekwisha kusimama, mgongo umepinda sasa, na mkono ukaja palepale, kwenye kiwiko cha kushoto.

"Karibu, mwanangu. Angalia, iko ngazi hapa."

"Mi naijua hii ngazi, Baba."

"Najua unaijua," mzee akasema, na hakuachia.

Baada ya swala na salamu za mtaa, Rachid alimwomba waende karakana. Mzee hakufanya kazi tena, ila alipenda kukaa humo kati ya mabati yake. Mwanawe alikwenda nyuma yake, na mzee, labda kwa sababu ya sikukuu, hakumzuia mlangoni.

"Vaa hii, Baba. Mi naifundishia."

"Hapana, hii mambo iko ya vijana."

"Vaa kidogo tu."

Akavaa, kofia yake ya kufuma imebaki juu. Rachid alikuwa amemwekea somo la bati bapa linalojikunja lenyewe mpaka kuwa kasha. Mzee alishtuka, akarudi nyuma kwenye kigoda, kisha akacheka kwa sauti ambayo mkewe, Zaituni, aliisikia jikoni. "Iko kazi yangu hii! Wameniiba kazi yangu! Lakini haina kelele." Akanyoosha mkono kugusa pembe. "Na huyu fundi amekata mbaya. Pembe hii itaingiza maji." Alikuwa kama mtoto, na Rachid alifurahi kumwona hivyo.

 Halafu mkono wa mzee ulipanda taratibu, vidole viwili vikapenya chini ya kaske, upande wa kushoto, vikalifumba jicho.

Rachid alielewa mara moja. Tangu ajali ile, baba yake alikuwa amefanya kila kitu kwa ajili ya jicho lile, ila hakuwahi hata siku moja kuuliza mwanawe anaonaje kwa jicho lililobaki. Sasa alikuwa anauliza.

"Imelala," mzee alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Imekuwa picha tu. Rachid. Ni hivi? Ni hivi siku zote?"

"Simama, Baba."

"Nitaanguka."

"Hutaanguka. Mi nakushika."

Akamshika kiwiko. Mzee akainuka, vidole vyake havijatoka jichoni, akapiga hatua moja ya woga. "Endelea," Rachid akasema. "Zunguka. Usiiangalie umesimama, iangalie ukienda." Hatua nyingine. Walipita nyundo zilizotundikwa, wakapita mabati yaliyoegemezwa, baba na mwana, mmoja akiona karakana na mwingine akiona kasha.

"Inafunguka," mzee alisema. "Subiri. Iko na upande wa huku. Iko... ah." Akainama, akainuka, akainama tena, kushoto kidogo, kulia kidogo. Kichwa chake cheupe kilikuwa kinafanya kile ambacho Rachid alikifanya mwaka baada ya mwaka mbele yake, na ambacho kilimtia mzee huruma kila mara. "Naona ndani. Naona mpaka kwenye kona."

"Ndiyo, Baba."

"Kumbe unaona."

"Naona."

"Siku zote ulikuwa unaona."

 Mzee akaendelea kuzunguka, mara ya pili, mara ya tatu, na safari hii alikiondoa kiwiko chake mkononi mwa mwanawe, akatembea peke yake. Taa ndogo iliyo pembeni mwa kaske ikapepesa, kisha ikazimika, maana umeme ulikuwa umeisha ndani yake. Kulikuwa na giza tupu humo sasa. Mzee Mahmudu alisimama katikati ya karakana, hakuvua. Machozi yalitoka chini ya kaske, yakafuata ndevu.

Zaituni akaita kutoka uani kwamba chakula kinapoa, mumewe avue hiyo kofia aje.

"Muache, Mama," Rachid akasema. "Bado anaangalia."